Kishungi na Kamba Mbichi

Mvua za kwanza zilipoanza kijijini kwetu, kitu cha kwanza kunuka hakikuwa udongo. Wanaosimulia utoto wao hupenda kutaja udongo, na wana haki yao. Kwetu kilichonuka kilikuwa kinyesi cha kuku, kilichorundikana kikavu chini ya vihenge vya nafaka tangu mavuno, na ambacho kikiguswa na maji kilifufuka na kupanda puani kwa ukali wa kutoa machozi. Kijiji hicho kilikuwa njiani, ukitoka Tunduma unateremka kwenda Msangano, na miaka ninayoisema ni michache tu baada ya vita vya Hitla, wakati baba zetu wengi walikuwa wamevuka mpaka kwenda kuchimba shaba na kutuachia kijiji chenye wanawake, wazee na kuku. Harufu hiyo ikisikika, sisi watoto tulijua mambo mawili: kumbikumbi watatoka ardhini, na kuku watafungwa.

Kiangazi chote kuku wa kijiji walijitembelea watakavyo. Walilala kwa wenyewe, lakini mchana walikuwa wa kila mtu, wakipekua majivu ya huyu na makapi ya yule. Ulezi ndio uliowaharibia maisha. Mbegu ya ulezi ni ndogo kama punje ya mchanga, inamwagwa juu juu tu, na kuku mmoja mwenye kucha nzuri anaweza kufukua chakula cha familia kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo siku ya kupanda, mzee wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akagonga kila kihenge mara moja bila kusema neno, na kuanzia hapo hadi ulezi ufike magotini hakuna kuku aliyeruhusiwa kuonekana akizurura. Aliyekuta kuku wa jirani shambani mwake alimpiga rungu. Kisha aliuchukua mzoga hadi mlangoni kwa mwenyewe, na mwenyewe alitakiwa kuupokea kwa mikono miwili na kusema asante. Nimemwona mwanamke akishukuru namna hiyo huku midomo inamcheza, na aliyempa akijibu kwa upole kabisa kwamba si neno, ni ujirani.

Wengi walitatua jambo hilo kwa kuwafungia kuku ndani ya tundu gizani, miezi miwili mizima. Waliwatupia maganda na kuwasahau. Kuku wa tundu walikuwa wakitoka humo na vichwa vyeupe, wameliwa na utitiri, wamedonoana hadi migongo iko uchi, na yai lao hulioni mpaka kiangazi kirudi. Bibi yangu mzaa baba, Nanyinza, aliwadharau watu hao waziwazi. Yeye kuku wake aliwafunga nje, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, kila mmoja na kigingi chake na kamba ya hatua mbili mguuni. Asubuhi vigingi vilihamishwa kwenye nyasi mpya, mchana vikahamishwa tena kufuata kivuli, na jioni kuku walirudishwa tunduni, kamba ikibaki mguuni. Walikula majani mabichi, mchwa, panzi na minyoo, kila mmoja akisafisha duara lake. Kwa sababu hiyo wa kwetu walitaga mvua zote, wengine wakiwa wameacha. Mayai hayo sisi wasichana hatukuonja, kwani kwetu yai halikuwa chakula cha mwanamke, lakini sifa zake tulizila. Bibi alikuwa akipeleka yai kwa mgonjwa kama mtu anayepeleka habari ya ushindi.

Mwaka nilipofikisha kama miaka tisa, kazi ya vigingi nilipewa mimi. Ilikuwa heshima, maana mtoto aliyelinda kuku msimu mzima bila kumpoteza hata mmoja alichagua kuku wake mwenyewe siku ya kuwafungua, na kutokana na huyo alianza ufugaji wake. Binamu yangu Tabita, binti wa baba mdogo, alikuwa amelinda mwaka uliotangulia na sasa alikuwa na vifaranga saba, na alitembea navyo kama mama mkwe. Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla hata ya mvua. Nilimtaka Kishungi, tetea mwekundu mwenye manyoya yaliyosimama kichwani, mtagaji asiye na mapumziko, mwenye hasira na tamaa. Nilikuwa nimeshahesabu vifaranga vyake na kuvigawa, na Tabita hakuwa kwenye mgawo. Sikuwahi kutaka kitu utotoni kama nilivyomtaka kuku huyo.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa rika langu hawalisemi. Tulikuwa watoto wakatili, na tulifurahia. Kumbikumbi walipotoka, tuliwakusanya vibuyu vizima, tukala, na waliobaki tukawatumia kwa mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: unamrusha kumbikumbi mmoja nusu hatua mbele ya pale kamba ya kuku inapoishia. Kuku anaruka kwa nguvu zote, kamba inamkamata hewani, anaanguka kifudifudi mbawa zimetawanyika, anasimama, anatazama huku na huku kama aliyesukumwa na mtu, kisha anaruka tena. Kuku hajifunzi. Tulicheka hadi tukashika matumbo. Kila mtu alikuwa na bingwa wake, na bingwa wangu alikuwa Kishungi, kwa sababu wengine walichoka baada ya mara tano sita, yeye aliruka mpaka kumbikumbi wakaisha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi usaha nimeuona.

Siku moja, katikati ya mchezo, kamba ya Kishungi ilikatika. Ilikuwa utepe wa nguo kuukuu, Bibi alizifunga zote mwenyewe mwanzoni mwa msimu kwa vitambaa alivyovitunza mwaka mzima. Kishungi hakuelewa kwamba yuko huru, akasimama palepale akimmeza kumbikumbi wake, nikamdaka. Bibi alikuwa ameenda kwa mgonjwa. Nikijua kwamba nikimngoja nitaulizwa kamba imekatikaje, nilikimbia hadi mwituni, nikachuna gome la mti, nikalichana uzi mrefu uliokuwa bado unateleza maji, nikamfunga nalo juu kidogo ya kidole cha nyuma. Sikukaza. Nilikuwa nimemwona babu akijenga paa tangu nilipojua kuona, na babu alikuwa na neno moja alilolirudia kwa kila kijana aliyemsaidia: funga na gome bichi, jua litakukazia. Ndivyo nyumba zetu zote zilivyosimama. Gome kavu hulegea, gome bichi likikauka hubana boriti kiasi kwamba hata panya hapenyezi jino. Nilijiona fundi. Nilimrudisha Kishungi kwenye kigingi, na jua la baada ya mvua likatoka, na nikawarudia wenzangu kumalizia kibuyu.

Siku ya pili aliruka mara mbili tu, ya tatu hakuruka. Alisimama kwa mguu mmoja, na mimi nikamwita mvivu na kumsukuma kwa kijiti. Nilipoinama kumtazama, kamba sikuiona. Ilikuwa imezama ndani, na chini yake vidole vimevimba na kuwa vya zambarau, vya baridi, kama vidole vya kitu kilichokufa kikasahau. Hapo ndipo ningeweza kwenda kwa Bibi. Bado kulikuwa na muda, nadhani, ingawa miaka yote hii sijapata mtu wa kunihakikishia. Lakini mguu ule ulikuwa na maswali mengi: nani alifunga, kwa nini, utepe uko wapi, kumbikumbi wa nini. Na jibu la mwisho la maswali hayo yote lilikuwa kwamba Kishungi hatakuwa wangu. Nikachukua tope, nikaupaka mguu wote kama aliyekanyaga dimbwi.

Macho ya Bibi yalikuwa yameanza ukungu, ila mikono yake haikuwa na ukungu. Kila jioni aliketi mlangoni pa tundu, nikimpitishia kuku mmoja mmoja, naye akiwapapasa nyuma kwa kidole kidogo kujua nani atataga kesho. Kishungi nilimpitisha nimemshika mwenyewe, mkia mbele, miguu nimeifunika kwa pindo la kaniki yangu. Jioni ya tatu Bibi alipapasa akasema hana yai. Ya nne akapapasa tena, akakunja uso. Nilisema labda anataka kuatamia, Bibi. Akasema labda. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku moja zaidi. Jioni ya tano, kabla sijamfikisha, Bibi aliinua pua. Alivuta hewa mara mbili. Kisha akaninyang'anya kuku, akaufunua ule mguu, akaupitisha kiganja, na ngozi ikabaki kiganjani mwake.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi, Bibi."

"Kwa gome bichi?"

"Ndiyo, Bibi. Ndivyo babu anavyofunga paa."

Nilisubiri fimbo. Haikuja, na kutokuja kwake kukanitisha zaidi. Alikata kamba kwa ncha ya kisu, akamweka kuku kikapuni, akaniambia nikalale. Asubuhi alimtuma Tabita mwituni. Tabita alirudi na uzi wa gome unaodondosha maji, mrefu, mzuri, akiwa na uso wa mtu anayekwenda harusini. Bibi aliniketisha kwenye uwanja wa nyasi katikati ya kuku wengine, akapigilia kigingi, akanifunga kwenye kifundo cha mguu. Hakukaza. Aliingiza kidole chake kati ya kamba na ngozi yangu, akakizungusha, nione kwamba kuna nafasi.

"Sijakubana," alisema. "Kaa. Jua litafanya kazi."

Jua lilifanya kazi. Mpaka kuku walipohamishiwa kivulini kidole changu mwenyewe hakikuingia tena. Mimi sikuhamishwa. Mguu ulianza kupiga kama kuna mtu ndani anayegonga atoke, kisha ukawa mzito, kisha kukaja ganzi, na ganzi ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kugeuka zambarau, na niliijua ile rangi. Mke wa mzee wa kijiji alipita na mtungi wake, akasimama. "Nanyinza siku hizi unafuga watu?" aliuliza, na Bibi akamjibu, "Nafuga. Huyu bado hajaanza kutaga." Wakacheka wote wawili. Mama yangu alirudi kutoka shamba, akaniona, akateremsha jembe polepole. Alikuwa mkaza mwana, na mkaza mwana kwetu hakuinua hata macho mbele ya mama wa mumewe, sembuse sauti. Alinitazama kwa muda, akazunguka upande wa pili wa nyumba, na nikasikia akianza kutwanga kinu ambacho nilijua hakina kitu. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi kuliko nilivyomchukia Bibi, na ninajua sikumtendea haki.

Kisha akaja Tabita na hindi la kuchoma. Aliketi mbele yangu, akala mistari miwili ya punje, akalirusha lililobaki nyasini, nusu hatua mbele ya pale kamba yangu ilipoishia. Nilikuwa sijala tangu jana. Nilijua anachofanya, mchezo wenyewe nilikuwa fundi wake. Nami nikaruka. Kamba ikanikamata, nikaanguka kifudifudi, na kuku walioko karibu wakatawanyika kwa makelele hadi kamba zao zikawaangusha na wao. Tabita alicheka kwa dhati, kama tulivyokuwa tukicheka wote. Nikasimama nikajaribu tena.

Mbuzi waliporejea kutoka malishoni, Bibi alikuja akaikata kamba. Wakati damu inarudi mguuni nililia kuliko nilivyolia siku nzima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu nikiwasimulia habari hii husema, ama kweli bibi yako alikuwa na hekima. Hapana. Bibi yangu alikuwa mkali, na siku ile, chini ya ukali wake, alifurahi kidogo. Nilimwona. Lakini alichofanya baadaye ndicho kilichonitesa, nacho kilikuwa haki tupu. Alileta kikapu, akakiweka mapajani mwangu. Kishungi alikuwa humo, jicho lake bado la hasira, mguu umekuwa mweusi hadi juu ya pale kamba ilipokuwa.

"Mguu huu umekufa," Bibi alisema. "Tunaweza kumchinja sasa hivi, akapumzika, wanaume wakala. Au nimkate mguu, aishi atakavyoishi. Wewe ndiwe uliyemtaka. Sema."

Nikasema aishi. Nilisema kwa machozi, na mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguswa hata akajifuta uso. Walidhani ni huruma. Hata mimi nilidhani ni huruma. Nikiyachambua leo maneno yale naona vifaranga ndani yake, naona uso wa Tabita siku ambayo ningepita mbele yake na vifaranga vyangu. Bibi hakunibishia. Aliukata mguu kwenye kiungo, akapaka majivu na tumbaku, akanikabidhi.

Kuku wa mguu mmoja anaweza kusimama, lakini hawezi kupekua. Nyasi zikiwa tele pande zote, yeye alikaa juu ya chakula na hakuweza kukifukua. Nilimletea mchwa mkononi. Alijaribu kurukaruka, akaangukia kifua, kifua kikanyonyoka kikawa kidonda cha pili. Alitaga yai moja katika siku hizo zote, laini, halina gamba, likapasuka chini yake mwenyewe. Kila siku Bibi alipita, akasimama, akatazama, akaenda zake. Kila siku ningeweza kumwita. Nilikuwa nikijiambia kesho atapata nafuu, na kila nilipojiambia hivyo ilikuwa ni mimi niliyepata nafuu.

Siku ya kufungua kuku ilikuwa sikukuu yetu. Ulezi ulikuwa umefika magotini, mzee akagonga vihenge tena, na kijiji kizima kikawafungua kuku asubuhi moja. Kuku waliofungwa kamba muda mrefu, kama wa kwetu, hawajui kwamba wamefunguliwa. Walitembea vilevile kwenye maduara yao, wakifika pale kamba ilipokuwa ikiishia wanageuka, hadi mmoja akakosea akapita, na wote wakamfuata. Nilimtoa Kishungi kikapuni nikamweka katikati yao. Alikuwa amelala siku nyingi peke yake, nikadhani amewakumbuka wenzake. Aliruka mara moja, akaanguka, kidonda cha kifuani kikafunguka, na kuku mmoja akadonoa pale penye wekundu. Kisha mwingine. Kuku akiona damu haoni ndugu. Walimzunguka wote, wale wale waliolala naye tundu moja, wakaanza kumla akiwa hai, na yeye hakuweza hata kukimbia kwa duara. Niliwapiga mateke, wakarudi. Niliita Bibi, Bibi. Alikuja bila haraka, akasimama na mikono nyuma.

"Ulisema aishi," aliniambia.

Nilimwomba amuue. Nilimwomba kwa kupiga magoti kwenye manyoya yale. Alisema kisu kiko ndani, nikakichukue. Nikaenda, nikakileta, nikamshika Kishungi shingoni, nikahisi moyo wake ukipiga ndani ya kiganja changu, na sikuweza. Nilisimama hapo nimeshika kisu nikilia, kuku wakimdonoa miguuni pangu, kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Mwishowe Bibi alinisukuma kando, akamnyonga kwa mkono mmoja. Ilikuwa kazi ya kupumua mara moja. Katika siku zote zile, ilikuwa kazi ya kupumua mara moja tu.

Sasa mimi ni kikongwe, naishi Mlowo. Nyuma ya nyumba ya mwanangu nina uwanja wenye uzio na banda jepesi ambalo wajukuu hulisukuma kwenye nyasi mpya kila baada ya siku chache, na bwana mifugo huleta wageni kuliangalia. Husema kuku wangu wana raha, viini vya mayai yao ni vya njano kuliko vya wengine wote. Ni kweli. Yai ninakula, mwanamke mimi, tena kila asubuhi. Kuku sifungi kamba. Wale ninaowaona barabarani wakielekea Tunduma, wametundikwa vichwa chini kwenye pikipiki kwa vipande vya mpira, siwatazami mara mbili, na watu wanaoniambia kwamba zamani viumbe walipendwa nawaambia hawajui wasemalo. Tulichobadilisha ni kamba.

Mwezi uliopita banda liliangukia tetea mmoja likamvunja paja. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi, ndiye aliyemkuta. Alimkumbatia na kuja naye mbio, amemfunga mguu kwa kitambaa na vijiti viwili, vizuri, bila kukaza, akanieleza jinsi atakavyomlisha mwenyewe kwa mkono mpaka apone. Mfupa ulikuwa umetoka nje. Nilimwambia amshike mbawa. Aliponiona nimeinua kisu alipiga kelele, "Bibi, humwonei huruma?"

"Namwonea," nilisema, na nilikuwa nimeshamaliza. Hajazungumza nami hadi leo, na sijamweleza.